Bunduki ya .303 na unyevu wa ziwa: ninunue risasi zinazoleta kutu au zisizoleta kutu?

Mkazi wa Nyegezi:

Wakuu, ninawasalimu nyote, na kwa wazee waliomo ninasema shikamooni.

Nina swali linalohusu bunduki ya uwindaji aina ya Lee-Enfield ya .303, ambayo marehemu baba aliimiliki kwa leseni kwa miaka mingi na ambayo sasa, baada ya taratibu za mirathi na za polisi kukamilika, imeandikwa kwa jina langu. Ni ile ya jeshi la Mwingereza iliyopunguzwa mbao za mbele ili iwe nyepesi porini. Mtutu wake ni wa chuma cha kawaida kisichopakwa kromu kwa ndani, na fundi aliyeukagua ameniambia kwamba mifereji yake bado ina makali na haina dalili ya kutu. Ningependa ibaki hivyo.

Muuzaji mwenye leseni ananipa njia mbili. Kuna risasi za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi, zenye mwaka wa miaka ya 1940 na alama ya VII kwenye kitako, na bei yake ni karibu nusu ya zile mpya. Kisha kuna risasi mpya za kiraia kutoka Serbia, ambazo boksi lake limeandikwa wazi kwamba hazileti kutu. Muuzaji hakunificha kwamba zile za zamani hula mtutu usiposafishwa ipasavyo, lakini akaongeza kwamba askari wa zamani walizitumia vita nzima na bunduki zao zikadumu.

Ninaishi karibu na maji, katika nyumba ambayo asubuhi nyingi za masika vioo vya madirisha huwa vimeloa. Msimu ukifunguliwa mwezi Julai ninatarajia kwenda upande wa Maswa kwa kibali, na kabla ya hapo nitafanya mazoezi ya shabaha mahali panaporuhusiwa. Naomba kueleweshwa: kinacholeta kutu hasa ni baruti au ni kitu kingine? Kwa kuwa Ziwa Victoria halina maji ya chumvi, je, hewa yetu si salama kuliko ya Tanga au Dar es Salaam? Na je, mtu akipaka mafuta mazuri ya bunduki mara tu anapomaliza kufyatua, hiyo haitoshi?

Fundi wa Igoma:

Ndugu Mkazi wa Nyegezi, pole kwa msiba wa mzee, na hongera kwa kuifuata sheria hadi mwisho. Maswali yako nitayajibu kwa urefu, kwa sababu bunduki nyingi za .303 zinazoletwa mezani kwangu zikiwa zimetoboka mashimo ya kutu ndani ya mtutu zilipakwa mafuta vizuri kabisa. Hilo ndilo linaloniuma. Wenyewe walizijali, ila walizijali kwa kitu kisichofaa.

Baruti haina kosa. Tatizo lipo kwenye fataki, yaani kile kikombe kidogo kilicho katikati ya kitako cha risasi ambacho pini hukigonga. Fataki za zamani zilitiwa potasiamu kloreti, kemikali inayotoa oksijeni ya kuuwasha mchanganyiko. Ikishaungua hubaki potasiamu kloridi, ambayo ni chumvi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo hutapakaa kwa moshi ndani ya mtutu mzima, kwenye uso wa bolti (kile chuma kinachosukumwa kufunga nyuma ya mtutu) na kwenye tundu la pini, na haionekani kwa macho. Hewa ikiwa kavu hukaa tu bila madhara. Unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 84, chumvi hiyo huvuta maji hewani hadi ikayeyuka yenyewe juu ya chuma, na hata kabla ya kufikia kiwango hicho huanza kukusanya unyevu wa kutosha kuanzisha kutu.

Zamani watu waliamini kwamba kutu ilitokana na asidi za baruti isiyo na moshi, na wakatafuta mafuta ya kila namna ya kuizima. Mwaka 1922 mkemia Wilbert J. Huff, akiwa na Ofisi ya Migodi ya Marekani, alichapisha uchunguzi kuhusu kutu inayozaliwa chini ya utando wa mafuta, akaonyesha kwamba chanzo ni chumvi ya fataki na kwamba dawa yake ni maji. Mafuta hayayeyushi chumvi. Ukimimina mafuta juu yake unaifunika tu, nayo inaendelea na kazi yake huko chini. Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho: mafuta peke yake hayatoshi, hata yawe ya bei gani.

Kuhusu ziwa, ni kweli kwamba upepo wetu haubebi chumvi kama ule wa pwani, na bunduki ambayo haijafyatuliwa hupata nafuu hapa Mwanza kuliko Tanga. Lakini kwa mtu anayetumia risasi za aina hiyo nafuu hiyo haimsaidii, kwa kuwa chumvi anaileta mwenyewe ndani ya risasi na ziwa linamletea unyevu. Katika miezi ya Machi hadi Mei, na tena kuanzia Oktoba mvua za vuli zinaporudi, alfajiri za Nyegezi, Capri Point au Bwiru zina unyevu wa kutosha kuiamsha chumvi hiyo usiku uleule.

Risasi zisizoleta kutu hutumia fataki yenye kemikali iitwayo stifneti ya madini ya risasi badala ya kloreti. Kiwanda cha Kijerumani cha RWS kilikuwa nazo sokoni katika miaka ya 1920 kwa jina la Sinoxid, na Remington ya Marekani ikatoa Kleanbore katika miaka hiyohiyo. Majeshi yalichelewa kuzikubali kwa sababu iliyoeleweka: fataki ya kloreti huvumilia kukaa ghalani miaka mingi na huwaka kwa uhakika hata kwenye baridi kali, na jeshi hujali zaidi risasi iwake kuliko mtutu udumu. Jeshi la Marekani liliendelea kutumia kloreti katika risasi nyingi za .30-06 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo hizo za kwako zenye mwaka wa 1940 na kitu na alama ya VII zichukulie kwamba ni za kutu, bila shaka yoyote. Tena alama ya VII isiyo na herufi Z inaonyesha kwamba ndani yake kuna kodaiti, baruti ya nyuzinyuzi yenye nitrogliserini inayoungua kwa joto kali na kuumomonyoa mtutu pale unapoanzia, mbele ya chemba, yaani nafasi inamokaa risasi. Hayo ni madhara mengine kabisa, na hayaoshwi na maji wala na kitu kingine chochote.

Maoni yangu: nunua za Serbia.

Mwindaji wa Simiyu:

Fundi, kemia yako sina ubishi nayo, lakini uamuzi wako naona umemfungia ndugu yetu mlango mapema mno. Risasi zinazoleta kutu si sumu. Mtu mwenye nidhamu anaweza kuzitumia miaka yote na mtutu wake ukabaki unang'aa, mradi akubali kwamba kazi ya siku haijaisha mpaka bunduki imeoshwa. Askari wa Kiingereza walikuwa na faneli maalumu ya kumimina maji yanayochemka kwenye chemba ya Lee-Enfield, na hii ndiyo bunduki tunayoizungumzia.

Utaratibu wenyewe ni huu, na unafaa kambini kama unavyofaa nyumbani. Hakikisha kwanza kwamba magazini na chemba ni tupu, kisha toa bolti. Elekeza mdomo wa mtutu chini, weka faneli yenye kipande cha mpira kinachofika ndani ya chemba ili maji yasiingie chini ya mbao, na umimine taratibu lita moja au zaidi ya maji ya moto yenye sabuni kidogo, ukimalizia kwa maji matupu. Moto una faida moja tu: chuma hupata joto na kukauka chenyewe haraka. Chumvi yenyewe haihitaji moto, kwa sababu mililita 100 za maji ya nyuzi 20 huyeyusha takriban gramu 34 za potasiamu kloridi, na katika mtutu hakuna hata sehemu ndogo ya kiasi hicho. Kwa hiyo aliyekwama porini bila kuni asijitetee. Hata maji ya chupa ya kunywa yatamfaa. Baada ya hapo pitisha vitambaa vikavu vya pamba kwa ufito mpaka kitoke kikavu, futa uso wa bolti na ncha ya pini kwa kitambaa cha maji ya moto, kausha, ndipo upake mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa kingine, na ukikiona kina rangi ya kahawia, rudia yote.

Nitaongeza jambo moja kuhusu maji, kwa kuwa tuko ziwani. Maji ya ziwa hayana chumvi ya kudhuru, lakini yana tope na mwani. Yachuje na kuyachemsha, au tumia ya mvua, ambayo ndiyo bora kuliko yote.

Mimi ningemshauri anunue za zamani kwa ajili ya mazoezi ya shabaha, ambako ndiko risasi nyingi huishia, na boksi moja la zile mpya kwa ajili ya kwenda nalo Maswa. Kwa mtu anayeanza, kufyatua mara nyingi kuna thamani, na nusu ya bei si jambo dogo.

Mzee wa Ukerewe:

Wanangu, mmezungumza vizuri kuhusu mtutu, nami nitazungumza kuhusu mnyama, kwa sababu bunduki hii ni ya kuwindia na sioni aliyemtaja.

Risasi ya jeshi ya VII ina kichwa, yaani ile sehemu inayoruka, cha graini 174 (kama gramu 11) kilichofunikwa kwa koti la metali, na sehemu ya mbele ndani ya koti ina kijazo chepesi, mara nyingi alumini, ili uzito ukae nyuma. Kichwa cha namna hiyo hakifunguki kikimpiga kongoni au swala. Kinaweza kupinduka ndani ya nyama, na kinaweza pia kupita moja kwa moja kikaacha tundu dogo, mnyama akakimbia na jeraha mpaka giza likaingia na mwindaji asimpate. Mwindaji anayeheshimu kibali chake hutumia kichwa chenye ncha laini iliyo wazi, kinachopanuka kikigonga, na vichwa hivyo utavipata kwenye risasi mpya za kiraia, ambazo kwa kawaida hazileti kutu. Kwa hiyo kwa upande wa porini hakuna cha kuchagua hapo. Risasi inayomfaa mnyama ndiyo hiyohiyo inayoufaa mtutu.

Sasa nakuja kwenye ushauri wa Mwindaji wa Simiyu wa kufanya mazoezi kwa aina moja na kuwinda kwa nyingine. Hapa sikubaliani naye, ingawa najua ametaka kumwonea huruma kijana kwenye mfuko wake. Bunduki iliyolengeshwa kwa risasi ya graini 174 yenye kodaiti haipigi mahali palepale ikitiwa risasi ya graini 180 yenye baruti ya kisasa. Mbele ya ubao wa shabaha wa mita 100 tofauti hiyo utaiona kwa macho yako, na kwenye bega la mnyama aliyesimama mbali zaidi tofauti hiyohiyo ndiyo kuua au kujeruhi. Atakayefanya hivyo lazima ailengeshe upya kila anapobadilisha, na kulengesha kunakula risasi zile mpya alizokuwa akizihurumia. Pale kwenye nusu ya bei ondoa gharama hiyo, ondoa muda wa kuchemsha maji kila jioni, ndipo uhesabu kilichobaki.

Na kuna usalama. Risasi iliyokaa zaidi ya miaka 75, hujui ni ghala gani na joto gani imepitia. Nyingine huchelewa kuwaka: unavuta kifyatuo, unasikia pini imegonga, kimya, kisha inalipuka. Mwenye kuzitumia ajue kwamba ikigoma, mtutu unabaki umeelekezwa mahali salama na bolti haifunguliwi kwa angalau nusu dakika. Nyingine shingo ya ganda imepasuka tangu sandukuni. Hizo zisiingizwe kwenye chemba kabisa.

Mkazi wa Nyegezi:

Mzee wangu, marahaba kwa elimu hii, na nyote ninawashukuru. Nimeelewa kwamba kwa safari ya Maswa jibu ni moja, na kwa hoja ya kulengesha naona hata mazoezi niyafanye kwa risasi zilezile mpya, ingawa yatakuwa machache zaidi.

Limebaki jambo moja. Pamoja na bunduki, mzee aliacha risasi ambazo ziliorodheshwa kwenye kumbukumbu zake, lakini boksi lake la asili halipo. Baadhi zina ganda la shaba na nyingine ganda la chuma. Rafiki yangu anasema nitumie sumaku: ikinasa, ni za kutu. Mwingine anasema niangalie ganda lililokwisha kufyatuliwa, likiwa na matundu mawili ndani basi ni la kutu, na likiwa na tundu moja ni salama. Je, ni kweli? Na je, nikishafyatua risasi nisiyoijua, dawa ya kusafishia vioo yenye amonia inaweza kuua hiyo chumvi, kama nilivyosikia?

Fundi wa Igoma:

Nianze na hoja ya Mzee wa Ukerewe: ya kulengesha ndiyo iliyonizidi, kwa maana mimi nilitazama chuma tu.

Sumaku haikwambii lolote kuhusu fataki. Inanasa ganda la chuma, au koti la chuma la kichwa, na viwanda vingi leo hutengeneza risasi za ganda la chuma zenye fataki isiyoleta kutu. Matundu nayo hayatoshi. Matundu mawili ni mfumo wa Berdan na tundu moja la katikati ni mfumo wa Boxer, na mifumo hiyo inahusu umbo la fataki, haihusu kilichomo ndani yake. Ni kweli kwamba risasi nyingi za zamani za kijeshi kutoka Uingereza na Urusi ni za Berdan na ni za kutu, na hapo ndipo dhana hiyo ilipozaliwa. Lakini zile .30-06 za Marekani za wakati wa vita zilikuwa za Boxer na zilikuwa za kutu, na leo zipo za Berdan ambazo ni safi. Rangi ya lakiri inayozunguka fataki pia isikupumbaze, kwani kazi yake ni kuzuia unyevu usiingie.

Kinachosaidia ni maandishi ya kitako: kiwanda na mwaka. Za kijeshi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zihesabu zote kuwa za kutu. Za baadaye kutoka nchi za Ulaya Mashariki na China zihesabu hivyohivyo usipokuwa na uhakika, kwa kuwa baadhi ya viwanda huko viliendelea na kloreti kwa miongo mingi. Kipo kipimo cha kweli, nacho ni cha fundi mwenye leseni, si cha nyumbani: hutoa kichwa na baruti, hufyatua fataki peke yake juu ya kipande cha chuma kilichosuguliwa kikang'aa, kisha hukiacha mahali penye unyevu pamoja na kipande kingine safi cha kulinganishia. Baada ya siku moja au mbili, kile cha kloreti kitakuwa kimeota kutu nyekundu. Kwa hali ya hewa ya hapa kwetu mara nyingi huhitaji kusubiri hata hiyo siku ya pili.

Amonia haiui chumvi, kwa sababu hakuna cha kuua. Potasiamu kloridi si asidi hata ihitaji kuzimuliwa. Inahitaji kuyeyushwa na kuondolewa. Dawa ya vioo husaidia kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, na maji matupu yanafanya kazi hiyo bila gharama. Njia ninayoipenda kwa safari ni kuchanganya maji na yale mafuta ya karakana ya kukatia chuma ambayo huchanganyika na maji yakawa meupe kama maziwa. Maji yake huyeyusha chumvi na mafuta yake huacha utando mwembamba. Chupa ndogo inatosha safari nzima, ila ukifika nyumbani uoshe tena kwa maji ya moto na upake mafuta ya kawaida. Na kama umefyatua risasi usiyoijua, osha kama ya kutu, kwani kuosha mtutu uliokuwa salama hakujaudhuru mtutu wowote ilimradi umeukausha.

Kuhusu risasi za mzee zisizo na boksi, mimi nisingezifyatua. Ganda la shaba na la chuma vikiwa vimechanganyika maana yake zimetoka sehemu zaidi ya moja, na hakuna aliye hai wa kukueleza zilivyohifadhiwa. Nenda na kitabu chako cha leseni kwenye kituo cha polisi kilichoshughulikia silaha hiyo, uzisalimishe kwa kuhesabiwa na uombe maandishi ya kupokelewa, ili idadi iliyoko kwenye kumbukumbu zako ilingane na ulizonazo kama Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inavyotaka. Usizitupe ziwani wala usizifukie. Ukishapata maandishi hayo ndipo ununue maboksi mapya, yote ya kiwanda kimoja na ya uzito mmoja wa kichwa, uyahifadhi mahali pakavu ndani ya kasha lenye kufuli, mbali na ukuta unaotoa jasho, na bunduki uilengeshe kwa hizohizo kabla ya Julai.